Chakula cha Kambale Kutokana na Mimea

Mfugaji wa kambale aendapo sokoni kununua dagaa wa kulisha samaki wake, humkuta hapo mama wa nyumbani ananunua dagaa hao hao kwa ajili ya kitoweo cha watoto. Wote wawili wana haki ya kununua, na wote wawili wana haja ya kweli. Lakini dagaa ni wale wale, na bei hupanda kwa kugombewa. Ufugaji wa samaki ulikusudiwa kuongeza chakula cha watu. Yafaa basi tujiulize kama kweli unaongeza, au unahamisha tu chakula kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Katika makala haya tutaeleza jinsi mimea inayolimwa katika nchi zetu iwezavyo kuchukua sehemu kubwa ya nafasi ya dagaa katika chakula cha kambale. Tutaeleza pia kwa nini wafugaji wengi waliojaribu jambo hili walivunjika moyo, na njia ya kuepuka makosa yao.

1. Kambale na mahitaji yake

Kambale tunayemzungumzia ni yule ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus. Ana kichwa kipana kilichobapa, ngozi isiyo na magamba, na sharubu nane. Juu ya matamvua yake kuna kiungo cha pekee kinachomwezesha kuvuta hewa, ndiyo maana huweza kuishi katika maji yenye tope na hewa kidogo ambamo samaki wengine hufa. Sifa hii, pamoja na kukua upesi, imemfanya apendwe na wafugaji. Katika Afrika, Nigeria ndiyo inayoongoza kwa ufugaji wake, na katika Afrika ya Mashariki hufugwa Uganda, Kenya, Tanzania na kwingineko.

Porini kambale hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wadogo, mbegu, na hata mabaki ya mimea. Hata hivyo asili yake inaelekea zaidi kwenye nyama. Utumbo wake ni mfupi kuliko wa perege, na mwili wake wadai protini nyingi. Kambale anayekua huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 35 hadi 40, na vifaranga huhitaji zaidi ya hapo. Akikosa chakula cha kutosha huwageukia wenzake walio wadogo na kuwameza. Mfugaji anayelisha pumba tupu, kama afanyavyo kwa perege katika bwawa lenye mbolea, atavuna kambale wachache waliokonda na wawili watatu wakubwa waliowala wengine.

2. Hesabu ya dagaa

Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene, ni chakula bora kwa kambale. Wakikaushwa vizuri huwa na protini ya asilimia 60 hivi, pamoja na mafuta na madini. Lakini hebu tufanye hesabu.

Tuseme mfugaji anachanganya kilo 100 za chakula kwa kutumia kilo 50 za dagaa wakavu, na sehemu iliyobaki ni pumba, unga wa muhogo, vitamini na madini. Chakula hicho kitakuwa na protini ya asilimia 35 hivi. Ikiwa kila kilo moja na nusu ya chakula inaleta ongezeko la kilo moja ya kambale, kilo 100 zitaleta kilo 67 za samaki. Matokeo hayo ni mazuri.

Sasa tutazame upande wa pili. Dagaa mbichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 75 hivi, na dagaa wakavu hubaki na maji ya asilimia 10. Kwa hiyo kilo moja ya dagaa wakavu hutokana na kilo tatu na nusu au zaidi za dagaa wabichi. Kilo 50 za wakavu zilikuwa kilo 180 ziwani. Tumechukua kilo 180 za samaki wanaofaa kuliwa na watu, tukapata kilo 67 za samaki wengine. Mfuko wa mfugaji huenda umenufaika, lakini chakula cha taifa kimepungua.

Zaidi ya hayo, dagaa si mali ya kutegemewa. Msimu wa mvua huwa vigumu kukauka na huoza. Wanaoanikwa juu ya mchanga huuzwa pamoja na mchanga wao, na mfugaji hulipia mchanga kwa bei ya protini. Sababu zote hizi zatulazimisha kutazama shambani.

3. Protini hazilingani

Hapa ndipo kosa la kwanza linapotokea. Mtu husoma kwamba soya ina protini ya asilimia 38, na mashudu ya alizeti asilimia 30, akadhani kwamba kinachotakiwa ni kujumlisha tu mpaka hesabu itimie. Lakini protini si kitu kimoja. Imejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na kumi kati ya hivyo samaki hawezi kujitengenezea mwilini; lazima avipate katika chakula.

Mfano wake ni ujenzi wa nyumba ya miti. Fundi anahitaji nguzo, fito na kamba. Akiwa na nguzo mia na fito za chumba kimoja, atajenga chumba kimoja tu, na nguzo zilizobaki zitakuwa kuni. Ndivyo ilivyo mwilini mwa kambale. Asidi amino moja ikipungua, zile nyingine zilizozidi huchomwa kama kuni, na uchafu wake hutoka kama amonia inayochafua maji ya bwawa.

Asidi amino mbili ndizo hupungua mara nyingi katika mimea: lisini na methionini. Soya ina lisini ya kutosha lakini methionini yake ni kidogo. Alizeti na ufuta ni kinyume chake: methionini ni nyingi, lisini haitoshi. Mtu aliyekula makande anaijua siri hii bila kuisoma. Mahindi yana upungufu wa lisini, maharage yana upungufu wa methionini. Vikipikwa chungu kimoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Kambale naye apewe makande yake: soya pamoja na alizeti au ufuta, wala si kimoja peke yake.

4. Mimea iliyopo na hila zake

Mmea hauna miguu ya kumkimbia adui. Badala yake mimea mingi hujilinda kwa kuweka sumu au vizuizi katika mbegu na majani yake. Hili ndilo kosa la pili la wafugaji: kulisha mmea bila kuuondolea ulinzi wake. Tutaitazama mimea mikuu mmoja mmoja.

Soya. Hii ndiyo mbegu bora kuliko zote kwa kazi yetu. Hulimwa kwa wingi katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na pia Uganda na Kenya. Lakini soya mbichi ina kizuizi kinachokifunga kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho kazi yake ni kuvunja protini tumboni. Kambale akila soya mbichi, protini hupita tumboni na kutoka bila kutumika. Kwa bahati njema kizuizi hiki huharibiwa na moto. Soya ichemshwe kwa muda wa nusu saa tangu maji yaanze kutokota, kisha ianikwe na kusagwa. Au ikaangwe huku ikikorogwa mpaka harufu ya ubichi iishe na rangi iwe ya kahawia hafifu. Isiunguzwe ikawa nyeusi, maana moto mkali huiharibu lisini ile ile tunayoitafuta.

Mashudu ya alizeti. Hupatikana kwa wingi Singida, Dodoma na kwingineko penye mashine za kukamua mafuta. Hayana sumu ya kuogofya. Ila lao ni makapi: mbegu ikikamuliwa pamoja na maganda yake, mashudu hujaa nyuzinyuzi ambazo kambale hawezi kuzisaga, na protini hushuka hata kufikia asilimia 20. Mashudu ya mbegu zilizokobolewa yanafaa zaidi. Yaliyo na maganda yasagwe na kuchekechwa kabla ya kutumiwa.

Mashudu ya pamba. Simiyu, Shinyanga na Mwanza ni nchi ya pamba, na mashudu yake huwa rahisi. Mbegu ya pamba ina vitone vidogo vyeusi vyenye sumu iitwayo gosipoli. Wakati wa kukamua kwa joto, sehemu ya sumu hii hushikamana na lisini, nayo lisini hupotea. Sehemu inayobaki huru hudhuru ini na uzazi. Kwa sababu hiyo mashudu ya pamba yasizidi kumi katika mia ya chakula, na samaki wazazi wasipewe kabisa.

Mashudu ya karanga. Yana protini nyingi na samaki huyapenda, lakini ni hatari kuliko yote endapo hayakutunzwa. Karanga zikipata unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, yaani aflatoksini, inayoharibu ini. Sumu hii haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Ukali wake ulionekana wazi mwaka 2004, watu 125 walipokufa katika sehemu za mashariki ya Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu hii. Mashudu yenye ukungu au harufu ya uvundo yatupwe. Yasihurumiwe kwa sababu ni ya bei nafuu. Kanuni hii yahusu pia mahindi, pumba na mashudu mengine yote.

Mashudu ya ufuta. Lindi na Mtwara husifika kwa ufuta. Mashudu yake ni tajiri wa methionini, kwa hiyo ni mwenzi mwema wa soya. Ila yana asidi ya fitiki kwa wingi, ambayo hushikilia fosforasi na zinki hata samaki asiweze kuzipata. Kuloweka na kuchachusha hupunguza asidi hiyo. Au mfugaji aongeze madini ya mifugo yenye fosfeti. Viwanda vya chakula siku hizi hutia kimeng'enya kiitwacho fitesi kwa kazi hiyo hiyo.

Majani. Kisamvu, mlonge na lusina vina protini ya asilimia 20 hadi 30 vikikaushwa, na hupatikana karibu na nyumba. Kisamvu kina sianidi. Kitwangwe au kikatwekatwe, kiachwe kinyauke, kisha kianikwe vizuri ili sumu iruke. Lusina ina mimosini, ambayo huyeyuka katika maji. Majani yalowekwe siku moja au mbili, maji yamwagwe, ndipo yakaushwe. Mlonge una saponini zenye uchungu. Majani yote haya yana nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo ni ya kuongezea tu: sehemu tano hadi kumi katika mia, si zaidi. Anayesikia mlonge ukisifiwa kuwa dawa ya kila kitu asije akaufanya nusu ya chakula cha kambale.

5. Mfano wa mchanganyiko

Majaribio mengi yaliyofanywa juu ya kambale wa Afrika yameonyesha kwamba soya iliyotayarishwa vizuri yaweza kuchukua nafasi ya nusu ya unga wa samaki bila kudumaza ukuaji. Huko Marekani, katika jimbo la Mississippi, wafugaji wa kambale wa aina nyingine wamekwenda mbali zaidi: chakula chao hutegemea hasa soya na mahindi, na unga wa samaki hutiwa kidogo sana au haumo kabisa. Sisi na tuanze kwa kiasi.

Mfano ufuatao ni wa kilo 100 za chakula cha kambale wanaokua:

Dagaa wakavu, safi: kilo 20 (protini kilo 12.0)
Soya iliyopikwa: kilo 45 (protini kilo 17.1)
Mashudu ya alizeti, protini asilimia 30: kilo 15 (protini kilo 4.5)
Pumba za mahindi: kilo 15 (protini kilo 1.5)
Unga wa muhogo wa kugandisha: kilo 3
Vitamini na madini ya mifugo: kilo 2

Jumla ya protini ni kilo 35 na kidogo, yaani asilimia 35. Dagaa wameshuka kutoka kilo 50 hadi kilo 20. Tukikadiria kwamba sasa kilo 1.6 za chakula zinaleta kilo moja ya kambale, tutavuna kilo 62 na nusu kwa kutumia dagaa ambao wakiwa wabichi walikuwa kilo 72. Mwanzoni kila kilo ya kambale iligharimu dagaa wabichi karibu kilo 2.7, sasa inagharimu kilo 1.15.

Ikumbukwe kwamba mchanganyiko huu si wa vifaranga. Vifaranga wadogo bado wahitaji chakula chenye asili ya wanyama kwa wingi.

6. Kutengeneza chakula

Kila kitu kisagwe laini na kuchekechwa, kwa kuwa punje kubwa hupita tumboni bila kusagika. Vitu vikavu vichanganywe kwanza; vile vya kiasi kidogo, kama vitamini, vichanganywe na pumba kidogo kabla ya kutiwa katika rundo kubwa, ili visikusanyike mahali pamoja. Unga wa muhogo upikwe uji mzito, uachwe upoe kidogo, kisha umiminwe katika mchanganyiko na kukandwa mpaka ushikamane. Donge lipitishwe katika mashine ya mkono ya kusagia nyama, itoe nyuzi kama tambi. Nyuzi zianikwe mahali penye upepo na kivuli, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini; zikikauka zivunjwe vipande vidogo.

Kipande kizuri hukaa majini dakika kadhaa bila kuyeyuka. Chakula kihifadhiwe juu ya chanja, mbali na sakafu na ukuta, na kisikae zaidi ya mwezi mmoja au miwili. Mafuta ya soya na dagaa huchacha.

7. Kujaribu na kupima

Asitokee mfugaji akabadilisha chakula cha bwawa zima kwa siku moja. Na atenge sehemu mbili za wavu katika bwawa, aweke katika kila moja kambale 50 wa ukubwa mmoja, awalishe wa kwanza chakula cha zamani na wa pili chakula kipya kwa wiki nane. Alishe asubuhi na jioni, kiasi cha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, na kiasi hicho kirekebishwe kila baada ya wiki mbili kwa kuwapima samaki wachache.

Tuseme kambale 50 walikuwa na uzito wa kilo 5, na baada ya wiki nane wamefika kilo 15. Chakula kilicholiwa ni kilo 16. Uzito ulioongezeka ni kilo 10. Gawa 16 kwa 10, utapata 1.6. Tarakimu hiyo ndiyo kipimo cha chakula: kadiri iwavyo ndogo, ndivyo chakula kilivyo bora.

Sasa aiunganishe na bei. Kwa mfano, chakula cha dagaa wengi kinauzwa shilingi 2,400 kwa kilo na kipimo chake ni 1.5, kilo moja ya kambale itagharimu shilingi 3,600. Chakula cha mchanganyiko wetu ni shilingi 1,800 na kipimo ni 1.6, kilo ya kambale itagharimu shilingi 2,880. Chakula cha tatu, cha soya mbichi na mashudu yenye makapi, ni shilingi 1,500 tu, lakini kipimo chake ni 2.6, kilo ya kambale itagharimu shilingi 3,900. Chakula kilichokuwa rahisi sokoni kimekuwa ghali kuliko vyote bwawani. Bei hizi ni za mfano. Kila mmoja aweke zile za mahali pake. Kanuni haibadiliki: bei ya chakula hupimwa kwa kilo ya samaki, si kwa kilo ya chakula.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kambale aweza kufugwa kwa dagaa wachache, mradi tushike mambo matatu. Kwanza, mimea ichanganywe ili asidi amino zikamilishane. Pili, kila mmea uondolewe sumu au kizuizi chake kwa njia inayoufaa: soya kwa moto, lusina kwa maji, kisamvu kwa kutwanga na jua, na karanga kwa kuzuia ukungu tangu mwanzo. Tatu, matokeo yapimwe kwa mizani, yasikadiriwe kwa macho.

Kazi hii haimhusu mfugaji peke yake. Mkulima wa soya, mwenye mashine ya kukamua alizeti, bwana samaki wa wilaya na mtafiti katika maabara, kila mmoja ana sehemu yake. Mwenye mashine akikoboa mbegu kabla ya kukamua, mfugaji atapata mashudu bora. Mtafiti akiyapima mashudu ya kila mkoa na kutangaza matokeo, hesabu za mfugaji zitakuwa za kweli. Hapo ndipo yule mama tuliyemkuta sokoni atakapoweza kununua dagaa wake bila kushindana na bwawa, na siku nyingine akanunua kambale pia.